Njaa Iliyohamia Ukutani

Alhamisi, saa nne kasoro dakika kumi, mwalimu wa Jiografia alikuwa akichora mto ubaoni. Alikuwa amefika kwenye maporomoko, chaki ya bluu mkononi, ndipo tumbo la msichana wa safu ya tatu, yule anayekaa ukutani, likaunguruma. Halikuunguruma kidogo. Lilianza chini chini, likapanda, likakwama kama linatafuta gia, kisha likashuka taratibu mpaka likanyamaza.

Mwalimu huyu alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko cheti chake cha ualimu: darasani kwake hakuna aliyesinzia. Wenzake walifundisha tu. Yeye alifundisha na kuchekesha. Kwa hiyo hakugeuza hata shingo. Aliendelea kuchora, akasema, "Nani kawasha jenereta? Mbona umeme haujakatika?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja alicheka mpaka akateleza chini ya dawati. Msichana naye alicheka, kwa sababu anayechekwa akikataa kucheka huambiwa ana kiburi. Mwalimu akaumalizia mto wake, akauwekea kingo, na kengele ilipolia akatoka ameridhika. Lilikuwa jambo la sekunde tatu.

Kufikia Jumatatu msichana alikuwa anaitwa Jenereta shule nzima. Walimwomba awachajie simu. Walimtilia mkobani waya wa pasi mbovu. Wakati wa mapumziko mmoja alimletea maji kwenye kifuniko cha chupa, akamwambia kwa upole kabisa, "Kunywa dizeli, mitihani hiyo inakuja." Na ilipokaribia saa ileile, saa nne kasoro dakika kumi, darasa lilihesabu kwa kunong'ona, kumi, tisa, nane, na tumbo likaitika kama lililofundishwa.

Si kwamba tumbo lile lilikosa adabu. Mama yake msichana alifua nguo za watu, na mwaka ule mvua zilinyesha bila huruma. Nguo hazikauki, na nguo zisipokauka hakuna anayeleta nyingine. Nyumbani walikula mara moja kwa siku, jioni, na si kila jioni. Shule nayo haikuwa na chakula cha wanafunzi. Ilikuwa na jiko la walimu, na kioski cha getini kwa wale walio nacho.

Msichana alijitetea kwa alichoweza. Alikunywa maji ya bomba mpaka tumbo likawa linapiga mawimbi, jambo lililoongeza kelele badala ya kuzipunguza. Alijifunga kitambaa kiunoni chini ya sare, akakaza na kukaza, hadi pumzi ikawa fupi. Alijifunza kukohoa kwa wakati wake. Mwisho akapata mtindo wa kukaa ubavu, tumbo amelibana kwenye ukuta wa baridi, na hapo ngurumo ikasikika kupungua kidogo. Kichwa kilimuuma kila mchana, pembe za mdomo zikampasuka, na katika Jiografia, somo alilolipenda, akaanza kuandika majibu nusu nusu, kama mtu anayeandika huku anasikilizia hodi.

Mara ya kwanza mwalimu kulisikia lile jina kwenye korido, alitabasamu. Ni vizuri lisemwe wazi: alitabasamu. Mtu hupenda kuona neno lake likitembea. Mara ya pili alimsikia msichana mwenyewe akiitika kwa jina hilo, tena akisema "abee", na tabasamu likamganda usoni. Mzaha mzaha hutunga usaha, wanasema, na waliosema hivyo hawakuwa wakichekesha. Lakini mwalimu alijiambia kwamba watoto husahau, muhula ukiisha watapata lingine. Akangoja.

Njaa ilihama Jumanne moja. Darasa lilihesabu mpaka moja, tumbo likakaa kimya. Wakahesabu upya, kwa wema, wakidhani limechelewa. Kimya. Kisha ngurumo ikasikika, ileile, ikipanda na kukwama na kushuka, ila safari hii ilitoka ndani ya ukuta ambao msichana alikuwa akiuegemea. Wanafunzi wakageuka wakautazama ukuta, halafu wakafungua ukurasa wa arobaini na mbili kama walivyoagizwa.

Ukuta huo ulitenganisha darasa na ofisi ya walimu. Upande wa pili vikombe vya chai vilitetemeka juu ya sahani zake, na mkuu wa shule akaagiza fundi bomba aitwe.

Fundi alikuwa mzee mwenye miwani iliyoungwa kwa waya, mtu asiyependa haraka. Aligonga ukuta kwa spana sehemu tatu, akaweka sikio, akagonga tena.

"Hapa hakuna bomba," akasema.

"Labda ni hewa," mkuu akasema.

"Hewa hailii hivi. Hii ni njaa, mkuu."

"Njaa ya nani?"

"Hilo sasa si la fundi bomba. Mimi nasema ilipo. Ilikotoka mnajua nyie wenyewe." Akaomba kipande cha mkate. Mkuu alitoa nusu mkate aliouhifadhi kwenye droo kwa mahitaji yake binafsi, na fundi akauweka chini, mguuni mwa ukuta. Wakarudi nyuma hatua moja. Mkate uliliwa kuanzia katikati penye ulaini, yakafuata maganda, na mwisho makombo moja moja. Ukuta ukatulia. Fundi akakusanya vyombo vyake, akasema wasipige hapo misumari bila sababu, akaenda zake.

Wakaguzi walikuwa wanatarajiwa baada ya wiki mbili, kwa hiyo kikao cha walimu hakikuchelewa. Mkuu alisema hawezi kuwa na shule inayounguruma. Ikakubaliwa kwamba kila siku, saa nne kasoro robo, sahani moja itoke jiko la walimu iende kwa ukuta, na viranja wapangiwe zamu. Mwalimu wa Hisabati, ambaye kila kikao alikuwa na swali moja, aliuliza kama huenda njaa ile ni ya mwanafunzi fulani.

"Mwanafunzi gani?" mkuu akauliza. "Kama yupo, aje aseme."

Mwalimu wa Jiografia aliijua ile ngurumo kama mtu anavyokijua kikohozi cha jirani yake. Angeweza kuinua mkono. Aliuinua kweli, ila muda wa kupiga kura, pamoja na wengine, kuunga mkono sahani. Siku iliyofuata kwenye ubao wa matangazo paliandikwa "Zamu ya Ukuta", katikati ya zamu ya kengele na zamu ya kufuta ubao.

Ukuta ukanawiri. Rangi iliyokuwa ikibanduka ikashika na kung'aa. Nyufa zikajifunga. Kabla mwezi haujaisha ulikuwa umeota kitambi kidogo upande wa ofisini, ikabidi kabati la ramani lisogezwe. Ulipenda wali wa moto kuliko wa baridi, na siku ya maharage tu bila kitoweo kingine ulichukua muda mrefu kumaliza. Wakaguzi walipofika waliandika kwamba mazingira ya shule ni tulivu.

Msichana alikwenda upande mwingine. Njaa yake ilikuwa imeondoka yote, haikubakiza hata kidogo cha kumkumbusha, na asiyesikia njaa huiona sahani kama anavyokiona kiti. Sketi yake ilishikizwa pini moja, halafu mbili. Nywele zilibaki kwenye kitana. Alipopanda ngazi za maabara alipumzika katikati, akijifanya anafunga kiatu, na viatu vyake vilikuwa vya kutumbukiza tu. Wenzake waliendelea kumwita Jenereta. Sasa walisema imekufa injini, wakamsukuma kidogo kidogo mgongoni kwenye korido, kama gari linalosukumwa liwake.

Muuguzi wa wilaya alikuja na mizani na fomu. Alimpima msichana mara mbili, akadhani mizani imeharibika, akapanda mwenyewe, akaona haijaharibika. Kwenye fomu paliulizwa: je, mwanafunzi analalamika njaa?

"Unasikia njaa, mwanangu?"

"Shikamoo. Sisikii."

Muuguzi akaweka alama kwenye "Hapana", na kwa mujibu wa fomu ile hilo lilikuwa jibu zuri. Watoto themanini walikuwa bado kwenye foleni.

Ijumaa msichana alianguka kwenye ngazi. Jumatatu mama yake akaja. Alikuwa mwanamke mfupi, vidole vimekunjamana kwa maji, na alikataa kukaa mpaka alipoambiwa mara ya tatu. Aliomba kuonana na mwalimu wa Jiografia, si mwingine.

"Nimekuja kwako, mwalimu, maana wewe anakutaja nyumbani. Anasema mwalimu wa Jiografia ni mcheshi."

Mwalimu akasema karibu.

"Mwanangu hali. Sikufichi, kwetu chakula si cha kila siku. Zamani nikikosa alikuwa ananizunguka, mama kuna nini, mama tutakula nini. Sasa hivi nikikosa haulizi, na nikipata hataki. Siku za mwanzo..." Mama akatazama mikono yake. "Siku za mwanzo nilishukuru, mwalimu. Mungu anisamehe. Nilisema afadhali, amekua, ameelewa hali. Wadogo zake wakawa wanapata fungu lake. Nimechelewa kujua kwamba mtoto ananiishia mkononi."

Nyuma yao ukuta ulikuwa unakula. Zilisikika punje za maharage zikigonga sahani.

"Na kuna hili jina wanalomwita," mama akaendelea. "Analitaja usingizini. Hivi nani alimpa hilo jina?"

Ulimi hauna mfupa, lakini ule wa mwalimu siku hiyo ulikuwa mzito kama umepigwa sindano ya ganzi. Alimtazama mama usoni. Akaona kwamba msichana hakuwahi kumtaja kuwa ndiye aliyelianza, hata siku moja, na kwamba angeweza kusema neno moja tu.

"Watoto, mama," akasema. "Si unawajua watoto? Wana maneno hao."

Mama akatikisa kichwa, akakubali, akashukuru. Alishukuru mara mbili. Mwalimu alimsindikiza mpaka getini, akarudi, akanawa mikono kwa sabuni bila kujua ananawa nini.

Kuanzia siku hiyo hakukalika. Kesho yake alimwita msichana chumba cha ramani, akamwekea mkate wenye siagi na kikombe cha maziwa. Msichana alisema asante mwalimu, nimeshiba. Mwalimu akamsihi. Msichana akauma kidogo kwa heshima, akatafuna kama anayetafuna karatasi, akashindwa kumeza.

"Inakupasa uirudishe," mwalimu akasema. "Njaa yako. Iite irudi."

Msichana alifikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu.

"Kule inakula kila siku, mwalimu. Mpaka na nyama. Ikirudi kwangu itakula nini?"

"Tutaona."

"Na itapiga kelele." Akasogeza kikombe cha maziwa taratibu kisimwagike. "Kwangu ilikuwa inachekwa. Kule ina zamu yake ubaoni. Hata mkuu akipita anaiuliza hali. Mimi siwezi kuiambia itoke pale."

Mwalimu akamruhusu arudi darasani. Usiku wa kuamkia siku ya pili alipata wazo, na asubuhi, kabla wenzake hawajafika, alisimama mbele ya kitambi cha ukuta akasema, "Nisamehe." Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Ukuta haukuwa na kinyongo. Ulikuwa na shibe. Ulicheua kidogo, chembe za chokaa zikaanguka kwenye viatu vyake, basi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama zamani walikuwa kitu kimoja.

Siku hizohizo fundi bomba aliitwa tena kutazama kitambi, kwa kuwa mlango wa ofisi ulianza kukwaruza. Mwalimu alimngoja amalize, akamfuata nje.

"Fundi, njaa kama ile hurudishwaje?"

Mzee alikuwa anafuta spana. Hakuuliza kwa nini yeye ndiye anayeuliza.

"Iliondoka kwa aibu. Aliyeitia aibu ndiye wa kuiita, mwalimu. Na aiite palepale, mbele ya walewale. Si kwa kunong'ona ofisini."

"Aseme nini?"

"Aseme alichofanya. Kwani ni maneno mengi?"

Hayakuwa mengi. Mwalimu aliyapanga njiani kwenda nyumbani: mimi ndiye niliyemcheka mwenzenu kwa sababu alikuwa na njaa, jina lile nililianza mimi, nimekosa. Aliyarudia akipika, akayarudia akioga. Alipiga moyo konde. Alijua pia kwamba hana muda. Jumatano msichana alibebwa kutoka mstarini na wenzake wawili, nao walisema hakuna kazi rahisi kama hiyo, mwepesi kama mkoba.

Alhamisi, kipindi chake, hakuandika kitu ubaoni. Alisimama katikati ya darasa, akashika ukingo wa meza.

"Nataka kusema jambo," akasema. "Kuna siku, tulipokuwa tunasoma mito, nilisema neno humu ndani."

Ukuta ukaacha kula. Lile lilitokea kweli na kila mtu alilisikia: kijiko kilisimama. Ngurumo ndogo ikatembea ndani ya matofali, ikitoka upande wa ofisi kuja upande wa darasa, polepole, kama mtu anayepapasa swichi gizani. Rangi ikavimba kidogo karibu na bega la msichana. Naye akageuka, na kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi akaweka mkono tumboni.

Lakini darasa lilikuwa linamjua mwalimu wake. Aliposema "neno", mdomo mmoja ulitabasamu, ukafuata wa pili. Macho arobaini yaliangaza. Walikuwa wanamsubiri achekeshe, na walishaanza kucheka kabisa, kwa mkopo, kwa sababu siku zote alilipa. Nyuma mmoja akanguruma kwa koo, "Vrrrm." Dirishani mkuu alikuwa anapita na wageni wawili, akapunguza mwendo kuona darasa lenye furaha.

"Nilisema..." mwalimu akaanza tena. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwepo, yamejipanga. Akayaona. Akaona pia nyuso zao zitakavyobadilika akiyatamka, mmoja mmoja, na kwamba baada ya hapo hawatamcheka wala kuchekeshwa naye tena, watamtazama tu. Ulimi wake ukafanya kazi uliyoizoea.

"Nilitaka kuwataarifu," akasema, "kwamba jenereta letu siku hizi halina kelele. Tumelifungia sola."

Walicheka kuliko siku ile ya kwanza. Walipiga madawati. Wageni wa mkuu walicheka dirishani bila kujua sababu. Msichana alicheka pia, akiziba mdomo kwa kiganja kwa ajili ya zile pembe zilizopasuka, na mkono wa pili akautoa tumboni. Rangi ya ukuta ikalala. Ngurumo ikarudi ilikotoka, bila haraka, na upande wa pili kijiko kikaanza tena kugonga sahani. Mwalimu akachukua chaki, akachora mlima. Alijiona mchafu tangu unyayoni, na mlima ulitoka vizuri.

Wiki iliyofuata liligundulika tatizo la viranja. Sahani ilikuwa inafika kwa ukuta nyama zimepungua, na ukuta ulilalamika. Hakuna kiranja aliyekiri. Mkuu alitafuta mwanafunzi ambaye anaweza kubeba chakula cha moto kutoka jikoni, akapita nacho mbele ya madarasa yote, asikiguse, na shule nzima ilikuwa na mmoja tu. Msichana akapewa Zamu ya Ukuta moja kwa moja. Aliifanya vizuri. Alibeba sahani kwa mikono miwili, akisimama mara mbili njiani kuvuta pumzi, akaiweka chini, akangoja njaa yake ile mpaka imalize, akaenda kuosha chombo. Hakuilamba hata mvuke.

Siku ya wazazi alitunukiwa cheti cha uaminifu. Sahihi zilikuwa mbili, ya mkuu na ya mwalimu wa darasa, na mwalimu wa darasa alikuwa ni huyuhuyu wa Jiografia. Wazazi wa watunukiwa walikaribishwa ofisini wakae na walimu, na mama yake msichana akapewa kiti karibu kabisa na ukuta. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri. Alikuwa ametembea kwa miguu tangu alfajiri, na jana yake fungu lake alilifunika bakuli akamwekea binti, akisema pengine asubuhi ataligusa. Mwalimu wa Jiografia aliketi kiti cha pembeni yake, bega kwa bega, kwa kuwa hakikubaki kingine.

Mkuu alikuwa anasoma maneno ya kwenye cheti, amefika kwenye "mfano wa kuigwa", ndipo tumbo la mama likaunguruma. Lilianza chini chini, likapanda, likakwama, likashuka. Ofisi nzima ikasikia. Mama akainamisha uso, akajikunja, akaweka mkoba wake mapajani na kuubana kwa nguvu.

Walimu wote, kwa adabu, wakageuka wakautazama ukuta.

"Naona saa yake imefika," mkuu akasema, akakunja karatasi. "Binti, hebu uwahishie ukuta chakula chake, wageni wasisumbuke."

Msichana akainuka. Alirudi na sahani ya wali wa moto na nyama mbili, ikifuka moshi, akapita nayo mbele ya magoti ya mama yake, taratibu asimwage, akainama kuiweka chini. Mama hakuinua macho. Mwalimu wa Jiografia, ambaye bega lake lilikuwa limegusana na bega lile na lilikuwa bado linausikia mtetemo, alijua sauti ilikotoka. Kinywa chake kilifunguka. Alikiacha wazi kitambo kidogo, kisha akakifunga, akageuka kama wenzake, akautazama ukuta.